Kupanda tulipu: lini, kina gani, na kwa nini nyingine hutoa majani matupu

Chukua tunguu moja la tulipu mwezi wa Oktoba, ulipasue katikati kwa kisu kikali kutoka kwenye ncha hadi kitakoni. Utaona magamba manene meupe yaliyokumbatiana kama ya kitunguu maji, chini yake kisahani kigumu kitakachotoa mizizi, na katikati kabisa kijiti cha kijani kilichopauka, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Hicho ndicho ua. Ukikitazama kwa lenzi utahesabu petali sita na stameni sita, vyote vimekwisha umbika. Kwa hiyo anayenunua tunguu zuri hanunui mbegu ya kubahatisha. Ananunua ua lililoumbwa wakati wa kiangazi kisha likalala, na kazi yake ni mbili tu: kulipa baridi ya kutosha ili liamke, na kulikinga lisioze kabla halijaamka.

Baridi ndiyo inayowashinda wengi. Tulipu asili yake ni milima ya Asia ya Kati, Tian Shan na Pamir, ambako kiangazi ni kikavu na majira ya baridi ni marefu. Mpaka leo tunguu linadai wiki 12 hadi 16 mfululizo za baridi iliyo chini ya nyuzi 9 za sentigredi. Kati ya nyuzi 2 na 7 ndipo pazuri zaidi. Bila hiyo, wanga uliohifadhiwa kwenye magamba haugeuki sukari ipasavyo na shina halirefuki. Ua hufunguka likiwa limebanwa katikati ya majani, karibu kugusa udongo, au hukauka kabla halijachungulia nje.

Pima udongo kabla ya kutazama kalenda

Maduka ya Ulaya na Amerika Kaskazini huanza kupanga mifuko ya matunguu mwishoni mwa Agosti, na kosa la kwanza hutokea hapo hapo: mtu ananunua Jumamosi, Jumapili anachimba. Udongo wa mwanzoni mwa Septemba bado umebeba joto la kiangazi. Katika joto hilo kuvu aina ya Fusarium hustawi na kuozesha kitako cha tunguu kabla mizizi haijatoka. Nunua mapema kama unataka kuchagua rangi, ila usipande. Yatoe matunguu kwenye plastiki, yapange kwenye trei ya mayai au boksi lililo wazi, uyaweke kwenye chumba kikavu chenye hewa, nyuzi 15 hadi 20, mbali na matunda.

Kipimo chenyewe ni rahisi. Chukua kipimajoto cha jikoni, kile cha kuchomeka kwenye nyama, ukichomeke ardhini sentimita 15 wakati wa asubuhi. Kikisoma nyuzi 10 hadi 12 kwa siku kadhaa mfululizo na utabiri hauonyeshi joto kurudi, panda. Kama huna kipimajoto, subiri miti ya mtaani iwe imepukutisha nusu ya majani yake na usiku uwe wa kuvaa koti. Mwisho wa muda ni pale ardhi inapoganda hata koleo linagonga kama limepiga saruji. Tunguu likipata wiki 6 kabla ya siku hiyo, litakuwa na mizizi ya kutosha kulivusha.

Kwa miji ambako wasemaji wa Kiswahili wameweka makazi, kipimo hicho huangukia hivi. Minneapolis na Edmonton ni mwisho wa Septemba hadi katikati ya Oktoba. Toronto na Chicago ni Oktoba yote. Columbus na Louisville ni mwisho wa Oktoba hadi katikati ya Novemba. London, Brussels na Amsterdam ni Novemba, na kwa London usione haya kungoja hadi Novemba iishe. Huko baridi haiumi sana lakini mvua haikauki, na matunguu yaliyopandwa mapema ndiyo yanayoshikwa zaidi na ugonjwa wa Botrytis, utakaoelezwa mbele. Houston na pwani yote ya Ghuba ya Meksiko haipati baridi ya kutosha ardhini, hivyo kazi hiyo hufanywa na friji.

Na lile boksi ulilolisahau gereji hadi Januari? Bonyeza tunguu mojamoja. Yaliyo magumu na mazito yapande siku hiyo hiyo kama udongo unachimbika. Yatachelewa na mashina yatakuwa mafupi, lakini mengi yatatoa ua iwapo bado kuna miezi miwili mitatu ya baridi mbele. Kuyahifadhi hadi mwaka ujao ni kuyaua, maana tunguu haliwezi kungoja kama mbegu ya mahindi. Linajila lenyewe hadi kubaki maganda.

Kununua: mzingo na uzito

Matunguu huuzwa kwa mzingo, yaani kamba ikizungushwa kwenye unene wake. Kwa tulipu kubwa za bustani, tafuta pakiti iliyoandikwa 12/+, maana yake sentimita 12 na zaidi. La 11/12 linafaa. La 10/11 hutoa ua dogo, na chini ya hapo huenda ukaambulia jani. Mifuko ya bei ya kutupa ya matunguu 50 mara nyingi ni hayo madogo, kwa hiyo soma namba kabla ya kufurahia bei. Tulipu za porini, kama vile Tulipa tarda na Tulipa clusiana, zina matunguu madogo kwa asili yake. Hizo usizipime kwa kipimo hiki.

Lishike mkononi. Zuri ni zito kwa umbo lake na gumu kama kitunguu saumu kibichi. Ngozi ya kahawia ikipasuka au ikitoka yote si kasoro. Vumbi la ukungu wa kijani-buluu juu ya ganda hufutika kwa kitambaa na halizuii kupanda. Kasoro ni kitako laini, harufu ya uchachu, na ukungu mweupe au wa waridi unaoingia ndani: hilo lina Fusarium. Litoe haraka, kwa sababu hutoa gesi ya etileni, ile ile inayoivisha ndizi, na gesi hiyo huua kijiti cha ua ndani ya matunguu mazima yaliyo jirani yake.

Vaa glavu ukipanga mengi. Utomvu wa tulipu una kemikali iitwayo tulipalini inayowasha na kupasua ngozi ya vidole. Wafanyakazi wa mashamba ya Uholanzi wanaijua vizuri.

Mahali pa kupanda

Jua la saa sita au zaidi kwa siku, wakati wa majira ya kuchipua. Chini ya mti unaopukutisha majani panafaa, kwa sababu tulipu huwa imemaliza shughuli zake mti ukianza kutoa kivuli. Uchachu wa udongo uwe pH 6 hadi 7.

Jambo linalozidi yote hapa ni maji kutotuama. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yaache yaishe, ulijaze tena. Kama kesho yake maji ya mara ya pili bado yapo, usipande hapo. Kwa udongo wa mfinyanzi, changanya ndoo moja ya lita 10 ya mboji iliyooza vizuri na kiasi kama hicho cha kokoto ndogo au mchanga mkubwa kwa kila mita moja ya mraba. Mchanga laini wa kujengea usiutie, maana ukikutana na mfinyanzi hushikana kama tofali. Ikishindikana, inua tuta la sentimita 20 hadi 30. Samadi mbichi nayo kaa nayo mbali: huunguza kitako na huleta kuvu.

Kuchimba na kupanda matunguu 25

Wengi huchimba kishimo kimoja kimoja kwa kile chombo cha duara kinachouzwa pamoja na matunguu. Kwa matunguu matano si mbaya. Kwa 25 ni kujiumiza kifundo cha mkono, tena maua yatatoka yamesimama kwa mstari kama askari. Chimba shimo moja pana.

Tandika turubai pembeni ili udongo usipotee kwenye nyasi. Chimba eneo la sentimita 60 kwa 60, kina cha sentimita 15 hadi 20, uweke udongo wote kwenye turubai. Lainisha udongo wa chini kwa uma wa bustani, sentimita nyingine 5 hivi, ili mizizi iwe na pa kupita, kisha usawazishe. Panga matunguu 5 kwa 5, ncha juu na kisahani chini, nafasi ya sentimita 12 kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jingine. Ukitaka yaonekane yameota yenyewe, yamwage kwa mkono kisha sogeza yale yanayogusana. Yakandamize kidogo yakae, bila kuyasukuma kwa nguvu, kwani kisahani kikichubuka hapo ndipo uozo huingilia.

Rudisha nusu ya udongo kwa mikono ili matunguu yasipinduke, halafu nusu iliyobaki kwa koleo. Shindilia kwa kiganja, si kwa buti. Mwagilia keni moja ya lita 10 polepole. Maji hayo ya kwanza ndiyo yanayoamsha mizizi, hivyo usiyaruke hata kama mawingu yanatishia mvua. Baada ya hapo, mvua ya majira itatosha. Mwagilia tena tu kama wiki tatu zimepita kavu kabisa.

Kina kinabishaniwa sana. Kanuni ya mkono ni mara tatu ya urefu wa tunguu, na kwa tunguu la sentimita 5 kitako kinakaa sentimita 15. Kwenye udongo mwepesi shuka hadi 20. Ukipanda sentimita 8 kwa uvivu, utaona ua mwaka wa kwanza na hutajua umekosea. Madhara huja baadaye: joto la kiangazi hulifikia tunguu nalo hugawanyika vipande vidogo visivyotoa ua, shina hulala kwenye upepo kwa kukosa shikizo, na kindi halazimiki kuchimba, anafukua tu. Kwenye mfinyanzi mzito, hata hivyo, sentimita 12 hadi 15 ni salama kuliko 20, kwa sababu chini zaidi ni tope.

Ukilipanda kichwa chini, shina litajipinda litafute juu na mara nyingi litafika, likiwa limechelewa na limechoka. Ukishindwa kutambua ncha, lilaze ubavu.

Mbolea haihitajiki sana siku ya kupanda, kwa kuwa tunguu limekuja na chakula chake. Unga wa mifupa husifiwa kwenye pakiti nyingi, lakini mbwa na mbweha wakinusa mfupa watachimba bustani nzima. Hifadhi mbolea kwa wakati wa kuchipua.

Sehemu zenye baridi kali, tandaza majani makavu sentimita 5 hadi 8 baada ya ardhi kuanza kuganda. Ukitandaza kabla ya hapo unawafanyia panya kitanda chenye joto, na chakula wanacho humo humo.

Kindi, panya na paa

Kindi huvutwa na udongo uliofukuliwa upya na maganda yaliyobaki juu. Okota maganda yote. Laza waya wa kuku wenye matundu ya sentimita 2.5 juu ya eneo ulilopanda, uuzike sentimita 3 chini ya udongo. Chipukizi hupenya, kucha hazipenyi. Panya wa shambani huja kwa chini, na kwake waya wa kuku ni mlango wazi. Kama wapo, tengeneza kasha la waya wenye matundu ya sentimita 1 hivi, upande matunguu ndani yake. Sungura na paa hula majani na vichwa vya maua usiku mmoja, na dawa za kunyunyiza huoshwa na mvua. Mahali wanapopita kila siku, afadhali panda dafodili, ambazo ni sumu kwao na hawazigusi, au weka uzio.

Kwenye chungu

Asiye na bustani asikate tamaa, chungu chenye kipenyo cha sentimita 30 na kina kama hicho kinabeba matunguu 12 hadi 15. Humo yanaweza kukaribiana hadi kubaki upana wa kidole kati yao, mradi yasigusane, kwa sababu ni ya mwaka mmoja tu. Hakikisha matundu ya chini hayajaziba na uinue chungu juu ya vipande vya tofali maji yapite. Tumia udongo wa vyungu uliochanganywa na robo yake ya kokoto ndogo. Kila tunguu lina ubavu mmoja bapa, na jani la kwanza, lile pana, hutokea upande huo. Elekeza ubavu bapa nje ya chungu na majani yatamwagika ukingoni badala ya kusongamana katikati. Ni jambo dogo, lakini hutenganisha chungu cha dukani na cha kubahatisha.

Waholanzi hupanga matabaka: tulipu chini kabisa, kina cha sentimita 20, udongo sentimita 5, kisha dafodili fupi au hayasinti, udongo tena, juu zaidi krokasi, kina cha sentimita 8. Zinachanua kwa zamu kuanzia Februari au Machi hadi Mei.

Hatari ya chungu ni kuganda. Ardhini tunguu limezungukwa na udongo usio na mwisho. Ndani ya chungu limezungukwa na sentimita chache tu, na barafu hulifikia kutoka pande zote. London, kukisogeza kwenye ukuta wa nyumba kunatosha. Minneapolis au Toronto, kiingize gereji au ghala lisilo na hita, mahali panapobaki karibu na nyuzi 0 hadi 7, na ukimwagilie kidogo mara moja kwa mwezi. Usikiingize sebuleni kwa huruma. Huko kitakosa baridi, na utakuwa umepoteza msimu.

Mahali penye joto: friji

Kanuni haibadiliki, wiki 12 hadi 16 za baridi. Kinachobadilika ni baridi inatoka wapi. Weka matunguu kwenye mfuko wa karatasi uliotobolewa au wavu wa vitunguu, kwenye droo ya mboga, nyuzi 4 hadi 5. Friza haifai, hugandisha na kuua. Toa matunda yote kwenye friji hiyo: tufaha, ndizi, parachichi, embe, hata nyanya. Zote hutoa etileni, na wiki mbili za jirani kama huyo zinatosha kufanya matunguu yatoke salama, yaote majani mazuri, na ndani ya kila moja ua liwe limekufa. Ukishindwa kuishi bila matunda, tafuta friji nyingine.

Kisha andika kwa herufi kubwa juu ya mfuko: SI VITUNGUU. Si mzaha. Wakati wa njaa ya majira ya baridi ya 1944 na 1945 Waholanzi walikula matunguu ya tulipu kwa kukosa chakula, lakini waliyala kwa dhiki. Yana sumu inayotapisha na kuumiza tumbo, na kwa mbwa na paka hatari ni kubwa zaidi.

Hesabu siku kwa kurudi nyuma. Houston au Muscat hupandwa mwisho wa Desemba au mwanzoni mwa Januari, kwa hiyo friji ianze katikati ya Septemba, au mara matunguu yanapofika. Yakitoka kwenye friji yapande siku hiyo hiyo, maana joto la chumba kwa wiki moja linaweza kufuta sehemu ya baridi uliyoikusanya. Tarajia mashina mafupi na maua ya siku chache, na baada ya hapo yang'oe. Tulipa clusiana ni nafuu kidogo kwa maeneo kama kusini mwa Marekani, kwa kuwa huridhika na baridi ndogo na huweza kurudi mwaka unaofuata.

Nairobi, Limuru, Arusha, Njombe

Hapa tatizo si friji, ni kalenda ya muuzaji. Matunguu ya Ulaya huuzwa Septemba hadi Novemba. Ukiyapata Oktoba na kuyapa wiki 14 za friji, yanatoka mwishoni mwa Januari, wakati Nairobi imeingia kwenye miezi yake ya joto kuliko yote. Ya Afrika Kusini, ambako majira yamepinduka, huuzwa kuanzia Machi hivi. Yakiingia friji mwezi huo yanatoka Juni, nayo Juni hadi Agosti ndiyo miezi ya baridi kwa Limuru, Nairobi, Arusha, Mbeya na Njombe. Hesabu hiyo peke yake inatosha kuamua uagize wapi.

Panda kwenye chungu, si ardhini, ili uweze kukihamisha. Kiweke wiki mbili tatu za mwanzo kwenye giza na ubaridi, chini ya ngazi au stoo yenye sakafu ya saruji, mizizi ishuke. Chipukizi likifika sentimita 5, kitoe kwenye mwanga wa asubuhi, ukikinge na jua la mchana. Ua huja wiki 5 hadi 8 baada ya kupanda. Mombasa, Tanga na Dar es Salaam usijisumbue. Nunua maua yaliyokatwa.

Usiyabebe matunguu kwenye begi la safari. Kenya unahitaji kibali cha kuingiza mimea kutoka KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kabla ya kuagiza, Tanzania unahitaji cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, na mzigo uambatane na cheti cha afya ya mimea cha nchi ulikotoka. Bila hivyo utanyang'anywa uwanjani, na ni haki, maana kuvu na minyoo ya matunguu haya inaweza pia kushambulia vitunguu vya mkulima.

Yakishachipua, na yakishachanua

Chipukizi zikitokeza Februari na theluji ikaanguka juu yake, ziache. Majani yanastahimili. Wakati huo ndipo pa kutia mbolea yenye naitrojeni kidogo, konzi moja ya chembechembe kwa mita ya mraba, mbali na majani yenyewe. Ukikata ua la kuweka ndani, kata shina tu. Kila jani unaloondoka nalo ni chakula cha mwaka ujao, na ua lenyewe litaendelea kurefuka ndani ya chombo cha maua.

Petali zikidondoka, vunja kichwa kinachotaka kuwa tumba la mbegu, uache shina na majani. Vumilia wiki 6, majani yageuke manjano na kulala. Kuyafunga mafundo au kuyakata kwa sababu yanachafua mandhari ni kukata mkate wa tunguu. Yakishakauka unaweza kuchimbua, kupangusa udongo, kutupa malaini na kuhifadhi makubwa mahali pakavu, nyuzi 18 hadi 20, hadi msimu wa kupanda.

Hata ukifanya yote hayo, mengi hayatarudi vizuri. Tunguu ulilopanda halipo tena: limejimaliza kulisha ua, na nafasi yake imeshikwa na watoto kadhaa. Mtoto mmoja akiwa mkubwa, unapata ua. Wakigawana wote, unapata jani moja pana kwa kila mtoto, kama sikio la tembo, bila ua. Bustani ya Keukenhof, mjini Lisse nchini Uholanzi, hupanda kwa mkono matunguu yapatayo milioni 7 kila mwaka na kuyang'oa yote baada ya maonyesho. Kama wao wanaanza upya, mwenye chungu kimoja asione aibu. Anayetaka zinazorudi achague kundi la Darwin Hybrid, mfano Apeldoorn nyekundu, au kundi la Fosteriana, mfano Purissima nyeupe, azipande kina cha sentimita 20 mahali panapokauka wakati wa kiangazi.

Dalili na sababu zake

Ua limetokeza likakauka kama karatasi kabla ya kufunguka: etileni wakati wa kuhifadhi, au udongo ulikauka majira ya kuchipua. Ua limechanua chini, shina kama kidole: baridi haikutosha. Hakuna kilichoota: fukua pale. Ukikuta shimo tupu ni mnyama. Ukikuta uji unaonuka ni maji au kuvu. Ukikuta tunguu gumu lenye mizizi, lifukie, bado linakuja.

Majani yakitoka yamejikunja, yamebabuka, yana madoa ya kijivu na petali zimetapakaa vidoa kama zimenyunyiziwa maji ya moto, huo ni Botrytis tulipae, ambao wakulima wa Uingereza huuita moto wa tulipu. Ng'oa mmea wote pamoja na tunguu na udongo ulioshikana nalo, ufunge kwenye mfuko na kuutupa kwenye taka. Usiupeleke kwenye mboji. Kuvu huacha chembe nyeusi ndogo kama kichwa cha pini udongoni, na zinaishi. Usipande tulipu hapo kwa miaka 3.

Na kama tulipu yako ya rangi moja imetoka ghafla na michirizi myeupe kama moshi, usiitangaze kuwa aina mpya. Hicho ni kirusi kinachoenezwa na vidukari. Kirusi hicho hicho ndicho kilichoipamba Semper Augustus, tulipu iliyowatia wazimu Waholanzi kabla soko la matunguu halijaporomoka Februari 1637, na hudhoofisha tunguu mwaka hadi mwaka hadi life. Tulipu zenye michirizi zinazouzwa leo zimezaliwa nayo kwa kurithi, haziumwi. Ya kwako ing'oe kabla vidukari hawajahamia kwa jirani, na uoshe vidole kwa sabuni kabla ya kushika nyingine.